Nusu ya Boma

Baba yangu alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kushoto ulilegea, na sisi wanawe tulidhani kuwa hasara ilikuwa hiyo tu. Siku ya nne aliletewa ugali katika sinia. Akala nusu ya kulia mpaka ikaisha, kisha akalalamika kwamba amepunjwa. Tulipoligeuza sinia, alishukuru kuongezewa.

Kwa haraka yangu nilisema kuwa macho yameharibika. Sivyo. Picha ya ubongo ilionyesha kidonda katika nusu ya kulia, nyuma na juu ya sikio, mahali ambapo pana kazi ya kuyagawa mazingatio yetu pande zote. Jicho lilipokea, walakini mazingatio hayakwenda. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wataalamu wamepiga picha kwa sumaku watu wazima wa afya wakitazama na kukadiria umbali, wakaona damu ikizidi kuelekea sehemu hizo hizo.

Nilikuwa nimesoma habari za Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, ambao mwaka 1978 waliwaomba wagonjwa wawili wa Milan wajidhani wamesimama katika uwanja wa kanisa kuu la mji wao. Walitaja hasa majengo ya kulia. Walipoambiwa wajidhani wamesimama upande wa pili, wakayataja yale waliyoyaacha. Basi nami nikajaribu kwa boma letu la Gorong'a, na hata leo sina hakika kama ilikuwa haki kumjaribu mzazi.

"Baba, umeingia langoni, zizi liko mbele yako. Nitajie nyumba."

Akataja ghala, nyumba ya mama mdogo, na jiko lake. Nyumba ya mama, mke wake mkubwa, haikutajwa. Mama alikuwa ameketi kushoto kwa kitanda, mahali ambapo kwa siku nne hakusalimiwa. Aliinamisha kichwa.

"Sasa umesimama nyuma ya zizi, umelielekea lango."

(Sisi walimu wa lugha hufundisha "kulia" na "kushoto" kana kwamba ni mali ya mahali.)

"Nyumba ya mama yako," akasema mara moja, "na mti nilioupanda ulipozaliwa. Mwanangu, mbona hukuniuliza mapema habari zake?"

Muuguzi alikuwa ametuagiza tuketi kushoto, ili mgonjwa azoee kugeuka. Mama aliinua kigoda chake, akazunguka kitanda, akaketi kulia.