Safari ya Machakos Isiyokuwa ya Msiba



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama ambao ndio wenye jarida hili, juma hili siwaandikii fat-wa wala tafsiri. Nawaandikia habari ya siku moja tu, siku ambayo haikupangwa, nayo imechukua ndani yake kosa langu mwenyewe. Nimeona ni haki niliseme kwa kalamu ileile niliyozoea kuwasemea wengine makosa yao.

Sisi tunaokaa Majengo ya Pumwani, Machakos twaijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Kile kituo kikubwa cha mabasi ya kwenda bara, kilicho jirani na soko la Muthurwa, watu wote wa Eastlands hukiita Machakos. Hata anayesafiri kwenda Busia atakwambia gari analipandia Machakos. Tangu nilipokuja Nairobi kusomesha chuo, nikiwa kijana niliyetoka pwani na kanzu mbili, jina hilo nimelisikia likinadiwa kila uchao. Ni miaka thelathini sasa. Sikuwahi kufika.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Agosti, skuli zimefungwa na madrasa imepewa mapumziko. Nilimsindikiza mama watoto Muthurwa kununua vitunguu na nazi. Tulipokuwa twapita kando ya kituo, makanga mmoja alikuwa akinadi kwa sauti iliyokwisha kukauka: "Machakos! Machakos! Wawili!" Mama watoto akasimama, kikapu mkononi.

"Maalim," akaniuliza, "hivi hiyo Machakos iko wapi?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi: "Iko mashariki yetu, kilomita sitini na ushei, njia ya Mombasa, kisha wakata kushoto."

"Sikuuliza umbali," akasema. "Nauliza kama ipo. Kila siku nasikia watu waitwa, na sijaona hata mmoja aliyerudi akasimulia."

Sijui ni kitu gani kilichonishika. Huenda ni ile sauti yake, kwa maana kulikuwa na mzaha ndani yake, na mzaha sikuwa nimeusikia kwake kwa muda mrefu. Nikamwambia makanga, "Wawili ni sisi." Mama watoto alinitazama kama aliyemwona mtu asiyemfahamu. Vitunguu tukamwachia muuza ndizi aliyekuwa hapo, mtu tunayejuana naye, tukapanda.

Gari lilipoanza kwenda nikampigia simu binti yetu kumweleza kuwa hatutarudi mpaka magharibi. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Baba, nani amefariki?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinichoma. Mtoto hakukosea. Katika umri wake wote hajawaona wazazi wake wakitoka pamoja ila kwa mazishi, na mara chache kwa nikaha. Mimi nimesafiri sana: Mombasa, Lamu, Malindi, Garissa, maulidi na mihadhara. Mama yake alibaki nyumbani, na kwa miaka mitatu ya mwisho hata sokoni alikwenda mbio na kurudi mbio, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa kitandani kwa kiharusi, naye ndiye aliyekuwa mikono na miguu yake.

Nikamwachia upande wa dirisha. Tukapita Mlolongo na Athi River, na baada ya hapo nchi ikafunguka. Kwa mtu aliyezoea kuta za Majengo, ambako dirisha la chumba hutazama dirisha la jirani, ule uwanda mpana ni kama mtu aliyefunguliwa kilemba kilichomkaza kichwa. Palionekana majani makavu ya rangi ya dhahabu, ng'ombe, na Lukenya imekaa peke yake na mawe yake. Tulipofika Kyumbi gari likaiacha njia kuu ya Mombasa, na vilima vikaanza kutujongelea.

Njiani nilimsimulia machache ninayoyajua. Mji huo umechukua jina la Masaku, mzee wa Kikamba aliyesifika kwa utabiri. Kabla ya Nairobi kuwa chochote, Waingereza walikuwa na makao ya utawala huko, na ni mwaka 1899 walipoyahamishia Nairobi, kwa kuwa reli haikupita Machakos. Nikamweleza pia habari ya Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuwauza kwa nguvu, yeye aliongoza umati wa watu, waume kwa wake pamoja na watoto, wakaenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Walipiga kambi Kariokor, palepale tunapopita kila siku, wakakaa majuma kadhaa. Mwisho serikali ikaiacha amri yake, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu.

Mama watoto akafikiri kidogo. "Basi hawa walikuja kwetu mwaka 1938," akasema, "na sisi mpaka leo hatujawarudishia ziara."

Abiria wa mbele akageuka akacheka, akamkaribisha Ukambani kwa niaba ya kabila zima.

Mji wa Machakos umekaa katika bakuli la vilima. Iveti iko upande mmoja, na kila ukiinua macho mwisho wa mtaa waona mlima. Tulikunywa chai, tukala muthokoi kwa mama mmoja Mwislamu, nayo ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe. Mama watoto aliingia jikoni bila kualikwa akauliza namna yanavyotwangwa, na nilipolipa chakula wale wawili walikuwa wamekwisha kuitana dada.

Adhuhuri tuliisali katika msikiti wa mjini. Mama watoto aliniuliza, "Twapunguza?" Nikamwambia hapana. Kwa madhehebu yetu ya Shafi safari ya kupunguza sala ni marhala mbili, ambazo wanazuoni huzikadiria kwa vipimo vya leo kuwa zaidi ya kilomita 80, na sisi hatukuzifikia. "Kwa hivyo hata si safari," akasema. "Ni hapa tu." Naam, ni hapa tu, na ilituchukua miaka thelathini.

Baada ya sala tukapata kijana mwenye teksi. Akatuambia mgeni haruhusiwi kuondoka bila ya kuiona Kyamwilu, penye kilima cha Kituluni, mahali ambapo maji hupanda mlima. Tukenda. Njiani vilima vilikuwa vimekatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, mpaka kileleni. Kijana akatueleza kuwa namna hiyo huitwa fanya juu: mtu huchimba mtaro kufuata ubavu wa kilima, na udongo huutupa upande wa juu, usije ukachukuliwa na mvua. Zamani ardhi ya huku ilikwisha kuwa mifupa mitupu, na ni matuta hayo yaliyoirudishia nyama.

"Nani aliyechimba yote haya?" akauliza mama watoto.

"Akina nyanya zetu," akajibu kijana. "Walichimba kwa mwethya, yaani kwa kusaidiana, leo kwangu kesho kwako."

"Na mabwana zao?"

"Mabwana zao walikuwa Nairobi, mama."

Mama watoto akanitazama, kisha akatazama dirishani. Hakusema kitu.

Tulipofika, kijana alisimamisha gari mahali ambapo barabara, kwa macho yangu yote mawili, ilikuwa ikipanda mbele yetu. Akatoa gia, akaachia breki, na gari likaanza kwenda mbele taratibu, likipanda. Akashuka na chupa ya maji akayamwaga juu ya lami. Maji yakajikusanya, yakaondoka, yakakwea. Mama watoto akasema, "Subhanallah," akaichukua ile chupa akamwaga mwenyewe, mara ya pili, mara ya tatu, akiyafuata maji kwa hatua kama mtoto. Sikumbuki lini nilimwona hivyo.

Wako wasemao kuwa hapo pana jini au sumaku. Kwa kuwa nimeulizwa tangu niliporudi, nawajibu: hapana jini wala sumaku. Mahali kama hapo pako kwingi duniani. Pako karibu na Leh katika milima ya India, na pako Moncton kule Kanada. Jicho la mwanadamu hulijua tambarare kwa kuangalia upeo, pale mbingu zinapokutana na ardhi. Vilima vikiuficha upeo, na mteremko ukawa mdogo, jicho hupima kwa vilivyo karibu, nalo hukosea, likauona mteremko kuwa ni mwinuko. Fundi mwashi akiweka pima maji yake hapo, ataona kuwa maji yashuka kama yalivyoumbwa. Maji hayakosei. Anayekosea ni mtazamaji.

Haya nilikuwa nikiyaeleza kwa fahari, mkono hewani, nilipoona kuwa mama watoto ameketi juu ya jiwe na machozi yamtoka.

"Mavyaa angaliyapenda haya," akasema. Kisha, baada ya kimya: "Maalim, wajua kuwa mpaka leo naamka saa nane za usiku kumgeuza?"

Sikumfahamu. Akanieleza. Kwa miaka mitatu aliamka kila usiku saa nane kumgeuza mama ubavu wa pili, asipate vidonda vya kulala. Mama ametutoka miezi minane sasa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mwili wake haujapata habari. Saa nane humwamsha. Huketi kitandani, hukumbuka kuwa hakuna wa kumgeuza, huenda akatawadha ili apate la kufanya.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nikimsikia. Nilikuwa nikimsikia anapoondoka, nikisikia maji ya birika, nikijiambia moyoni kuwa ahli yangu ameingia katika tahajudi. Zaidi ya hayo, nilisimama katika darsa mbele ya watu nikausifu usiku wa nyumba yangu na kuwataka wengine waige. Sikumuuliza hata siku moja. Mke wangu alikuwa akishuka katika huzuni, na mimi nikimwona akipanda.

Na si hilo tu. Siku ya hitma ya mama, watu walinishika mkono mmoja baada ya mwingine wakisema, "Umemtunza mzazi wako, pepo ni yako." Nami nikaitikia amin. Nilikuwa nikiingia chumbani mwa mama mchana, naye amekwisha kuoshwa na kulishwa, shuka zanuka sabuni, nikamsomea Yasini nikatoka. Huo ndio utunzaji wangu. Uliobaki ulifanywa na mkazamwana wake, ambaye kwa sheria hakulazimishwa hata na sehemu yake ndogo. Alifanya kwa hisani, akamwachia mumewe sifa.

Nikaketi kando yake juu ya lile jiwe. Nilitaka kumpa aya, ikanikataa. Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Nimekwisha kukusamehe zamani, Maalim. Nilitaka tu ujue." Yule kijana wa teksi, Mungu ambariki, alijitenga akajifanya apangusa kioo.

Alasiri tuliisali mjini. Mama watoto akanunua kiondo cha katani kwa mzee mmoja wa kike, wakabishana bei mpaka wote wawili wakaridhika. Tuliingia Majengo giza likianza, tukamkuta binti yetu mlangoni, bado haamini kuwa hakuna aliyekufa.

Usiku ule saa nane mama watoto akaamka. Nami nikaamka. Sikusema kitu. Nikawasha jiko nikapika chai ya tangawizi, nikaifanya tamu kupita kiasi kwa sababu sijui kipimo, tukaketi tukazungumza habari za mama mpaka alfajiri ikakaribia. Tangu hapo tumefanya hivyo mara nyingi. Siku nyingine halala usingizi mmoja mpaka adhana, lakini siku nyingine hulala, alhamdulillahi. Na Ijumaa iliyofuata, katika darsa lilelile, niliwaambia watu ukweli wa hitma ile, na nani aliyestahili mikono yao.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Ghashiya ametutaka tuitazame milima namna ilivyosimamishwa. Na Mtume wetu, rehma na amani zimfikie, imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, akashindwa mara moja, akashinda mara nyingine. Mambo haya nimeyasomesha miaka mingi nikayafafanua kwa nahau na sarufi, na haikunipitia kuwa yanahitaji pia nauli ya matatu.

Enyi wanaume wenzangu, huenda nyumba yako waiona yapanda yenyewe: watoto wasafi, mzazi ametunzwa, mke hanung'uniki. Usiridhike na macho. Muulize, kisha unyamaze usikie. Ikiwa una nauli ya watu wawili, mtoe japo siku moja mahali pasipo sufuria wala mgonjwa. Pengine hilo alilolificha nyumbani litapata nafasi ya kutoka.

Nanyi akina mama mnaowatunza mavyaa na wakwe, ujira wenu uko kwa Asiyedanganyika na mteremko wa ardhi. Lakini semeni nasi pia. Sisi wengine hatuoni mpaka tumwagiwe maji barabarani.

Mola awarehemu wazazi wetu, awape faraja waliowatunza, na atujaalie macho yenye kuona. Amin.