Cha Juu cha Mwalimu

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini, tunapojadili maadili ya utumishi wa umma, ninalirudia sana neno “maslahi”. Leo nitajibu kwa kisa kinachonihusu mwenyewe, nacho hakinipi sifa.

Mjomba wangu anaishi Songo Songo. Aliacha uvuvi wa riziki miaka kadhaa iliyopita, lakini hakuiacha bahari. Usiku wa giza hutoka na mshipi wake kwa kujifurahisha tu. Sisi ndugu na marafiki wapenda mshipi, tuliotawanyika Kilwa Masoko, Lindi, Dar es Salaam na hata Muscat, tuna kundi letu la WhatsApp. Humo tunapeana habari za upepo, chambo, ndoana na mafundi. Hakuna anayelipwa, na ndiyo sababu tunaaminiana.

Mwaka jana niliweka humo kiungo cha tochi ya kichwani iliyouzwa na duka moja la mtandaoni. Niliandika kwamba ni imara na haiingii maji. Sikuandika kwamba kwa kila anayenunua kupitia kiungo kile, mimi hulipwa asilimia 6 ya bei. Wala sikuandika kwamba sijaitumia baharini hata usiku mmoja. Watu 9 walinunua, kila mmoja kwa shilingi 85,000. Mimi nikapata shilingi 45,900. Mmoja wao alikuwa mjomba. Tochi yake ilifika Nangurukuru kwa basi, ikavushwa kwa boti kutoka Kivinje. Kabla ya mwezi kwisha iliingia maji, ikazimika naye yuko peke yake nje ya mwamba.

Alirudi salama. Nilipokwenda kumwamkia wakati wa likizo, aliitikia shikamoo yangu, akanimiminia kahawa, kisha akauliza kwa upole: “Mpwa wangu, katika tochi ile wewe ulipata ngapi?” Mjukuu wake alikuwa amemweleza jinsi viungo vile vinavyofanya kazi.

Nilijitetea kwamba bei haikuongezeka hata senti kwa sababu yangu. Aliyenilipa ni mwenye duka. Mjomba akatikisa kichwa. “Mnadi pale pwani naye hupata chake katika samaki wanaouzwa. Kila mtu anajua, nami humsikiliza kama mnadi. Wewe nilikusikiliza kama mtoto wa dada yangu.”

Sikuwa na jibu. Udalali si dhambi, wala mfumo huu si mgeni. Amazon ilianza kuwalipa kamisheni wanaoielekezea wateja tangu mwaka 1996. Kosa langu lilikuwa kuvaa joho la ndugu huku nikifanya kazi ya dalali. Kama mjomba angejua kwamba nina fungu langu, angeniuliza swali moja tu: “Umeijaribu?” Kimya changu kilimnyima swali hilo.

Tena kuna jambo ambalo hakulijua. Kilwa Masoko kulikuwa na tochi ya bei nafuu zaidi, ambayo binamu yangu ameitumia miaka mitatu. Niliijua, lakini sikuitaja kwa kuwa haikuwa na kamisheni. Hivyo ndivyo fungu dogo linavyopinda ushauri: si lazima useme uongo, yatosha kuchagua la kunyamazia.

Nchini Marekani, mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho unamtaka anayesifu bidhaa kwa malipo aseme hivyo waziwazi. Kwetu, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi watamke mali na maslahi yao. Misingi ni ileile: mwenye fungu atangulize kusema, ili msikilizaji apime maneno yake. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo hupita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam, na barazani kisiwani swali la nani anapata nini si geni. Nimelifundisha swali hilo darasani kuhusu mawaziri na wakandarasi. Sikudhani lingenielekea mimi kwa sababu ya tochi.

Nilimrudishia mjomba fedha zake, nikaandika kundini kiasi nilichopata na kuwarudishia wengine walioomba. Wawili walijitoa kundini. Sasa nikiweka kiungo chenye kamisheni, naitaja kamisheni kwanza. Nasifu nilichokitumia tu. Na kama kipo kingine kisichonipa chochote, nakitaja pia.

Mjomba bado hunipokea kwa kahawa. Lakini akitaka kununua ndoana au uzi wa mshipi, siku hizi humuuliza mjukuu wake. Wewe mtumishi unayempendekeza mzabuni, nawe mwanaharakati unayesifu mradi unaokulipa, jiulize ni nani ameacha kukuuliza, na tangu lini.