Mama na Kalamu Yake

Huku kwetu Mbulu na Hanang mama hulima vitunguu saumu, huvibeba mgongoni hadi mnadani, na mara nyingi fedha huhesabiwa na mwingine. Kwa hiyo tulipoanza kusoma habari za wanawake walioandika vitabu, swali letu la kwanza lilikuwa moja: je, kalamu iliwapa cha kwao?

Tulikaa zaidi na Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844. Siku zile mabinti wa jumba lile walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alikimbia Unguja. Huko Aden alibatizwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka 1870 mume aligongwa na tramu ya farasi mjini Hamburg, akafa. Mama yule akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Alidai urithi wake Unguja, asipewe alichodai. Akafundisha Kiarabu apate riziki. Kumbukumbu zake, ambazo alianza kuziandika kwa ajili ya wanawe, zilichapwa Berlin mwaka 1886.

"Huyu aliandika kama sisi tunavyopalilia," alisema mjane mmoja kati yetu.

Wa karibu zaidi ni Penina Muhando, mzaliwa wa Kilosa, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982), wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo, kila mmoja ana lake, nayo haisimami. Tulicheka sana. Majirani tuliwatambua!

Mjane wetu yule ana shamba ambalo shemeji zake wanalitaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini shahidi wa maneno husahau. Basi ameanza kuandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza: alilima lini, alipanda nini, nani alikuwepo mume wake alipomwonyesha mpaka. Shauri litasikilizwa baada ya mavuno. Daftari limefika ukurasa wa nane.