Bili ya Baba Watoto

Mume wangu alianza kukohoa mwezi wa Ramadhani. Mtaa wa Kongo, Kariakoo, tunakouza vitenge, haukosi vumbi, kwa hiyo tukasema ni vumbi. Ikaja homa ya jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, suruali zikaanza kumvuka. Miezi 2 tulinunua dawa ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Siku aliposhindwa kupanda ngazi ndipo tulipomkimbiza hospitali ya binafsi. Maji yalikuwa yamejaa kifuani.

Alilazwa siku 11. Bili ilikuja shilingi 3,940,000. Nilitoa 400,000 kwenye mtaji, na 800,000 nikakopa kausha damu. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua kwa nini mkopo huo unaitwa hivyo: 35,000 kila jioni kwa siku 30, uuze usiuze. Mkopeshaji alikuwa anakuja kusimama mbele ya meza yangu wateja wakiwepo. Kaka yangu aliacha kadi ya pikipiki yake kama dhamana ya bili iliyobaki, ndipo tukaruhusiwa kutoka.

Majibu ya makohozi yalitoka siku hiyohiyo: kifua kikuu. Daktari akatuandikia rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, mwendo wa miguu tu kutoka kwenye meza yangu. Pale muuguzi akatuambia kuwa vipimo na dawa za miezi 6 ni bure, kama ilivyo katika vituo vyote vya serikali nchini. Nililia mbele yake. Geti lile nilikuwa nalipita kila asubuhi! Mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huu upo tangu 1977, na Shirika la Afya Duniani limeuchukua kuwa mfano kwa nchi nyingine, nami nimezaliwa mjini hapahapa nisijue.

Deni nililificha wiki 2. Mwenyekiti wa kikoba chetu alipolisikia kwa watu alinifuata. "Mama, unakopa kausha damu na sisi tupo?" Mfuko wa jamii wa kikoba ukanipa 150,000 zisizorudishwa, na kikoba kikanikopesha za kumaliza deni la kausha damu kwanza, maana hilo ndilo lililokuwa linakula chakula cha watoto. Mkopo wa kikoba niliulipa kwa miezi 5.

Kisha mwenyekiti ndiye aliyenipeleka kwa mhasibu wa hospitali ile ya binafsi. Mimi nilikuwa napokea simu zao kwa kutetemeka na kuahidi nisichokuwa nacho. Yeye aliomba mchanganuo wa bili, tukaketi kwenye benchi tukausoma mstari kwa mstari. Kitanda kilihesabiwa siku 2 baada ya sisi kutoka, na kipimo kimoja kilikuwa kimeandikwa mara mbili. Mhasibu alikagua, akaondoa 310,000. Zikabaki 2,430,000, tukaandikiana 90,000 kila mwezi, saini na muhuri. Simu zilikoma.

Mume wangu alimeza dawa zote, miezi 6 bila kuruka siku, mimi nikiwa msimamizi wake. Amepona na yupo mezani. Nimeshalipa miezi 19, imebaki 8.

Wewe uliyepo Kongo, Mchikichi au Msimbazi, unayekohoa wiki 2 sasa na kusema ni vumbi: funga meza mapema leo, nenda kapime makohozi.