Sort ipi iliyoitika?

Wadau, nimerudi kutoka Ifakara na aibu yangu naimwaga hapa, huenda ikamsaidia mtu.

Nilikwenda kurekodi wazee wa Lupiro wakisimulia enzi za kivuko, kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018. Najijua kwa kufuta mafaili ovyo. Basi usiku, nikiwa gesti, folda ya rekodi nikaikabidhi kwa root, yule mkuu wa mfumo. Mimi mtumiaji wa kawaida nisingeweza kufuta kitu humo. Nikalala usingizi mnono.

Asubuhi, nikiwa bado ndani ya folda ile ile, nikataka kuinstoli programu fulani kwa sudo. Ikagoma, eti kuna amri haionekani. Nikakumbuka ujanja niliowahi kuuokota: `sudo env PATH="$PATH"`, halafu jina la programu. Ikakubali. Rekodi zote zikapotea, na nakala sikuwa nayo.

Mchawi nilikuwa mimi mwenyewe. PATH ni orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri, kuanzia kushoto. Ya kwanza kupatikana ndiyo itumikayo. Ni kama kuita "Juma!" pale stendi ya Ifakara: wa kwanza kuitika ndiye unayempa mzigo. Orodha yangu ilianza na folda ya skripti zangu, na humo kulikuwa na moja niliyoiita sort: inapanga picha, kisha inafuta kila kisicho picha. Programu iliita sort ya Linux, ikaitika yangu, tena kwa madaraka ya root.

Na sudo ilishanikinga! Mifumo mingi ya Linux huweka secure_path ndani ya /etc/sudoers, orodha fupi ya folda za kuaminika, ili PATH ya mtumiaji isifuatwe. Ujanja wangu uliiingiza kwa mlango wa uani.

Siku hizi, kabla ya sudo, nauliza `type -a sort` nione wanaoitika ni wangapi. Amri nyeti naiandika kwa anwani kamili, /usr/bin/sort. Folda yangu nimeihamishia mwisho wa orodha. Nikilazimika kugusa sudoers, natumia visudo, ambayo hukagua makosa kabla ya kuhifadhi.

Nilirudi Lupiro. Mzee mmoja akakubali kusimulia tena, ila safari hii alifupisha. "Si nilishakwambia, mjukuu wangu?" Ile hadithi ndefu amebaki nayo mwenyewe.

Haya, andikeni `echo $PATH` leo. Nani anaitika kwanza kwenu?