Jukwaa Lisilo na Mlango: Kutoka Tiwi hadi Msambweni

Barabara ya kusini ni ya mtu asiye na haraka. Baada ya kivuko cha Likoni hupita Ng'ombeni na Waa, ikafika Kombani, ambako njia ya mkono wa kulia hupanda vilima kwenda mjini Kwale. Mbele yake ni Tiwi, kisha Ukunda. Tuliifuata barabara hiyo tukiwa na swali moja: mtu wa Kwale akitaka kuziona sanaa za Kwale, pamoja na mkewe na wanawe, aende wapi?

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapomiminika baharini. Kuta zake za mawe ya matumbawe zimesimama kwa karne kadhaa chini ya mibuyu, na ndani yake watu wangali wanaswali. Wajenzi wake hawakuandika majina yao ukutani. Tuliketi kivulini baada ya adhuhuri, na mazungumzo yakaangukia neno "bure". Kilicho cha bure kina aliyekigharimia. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa na wakfu, na ndiyo maana katika maulidi ya kijijini mgeni hula pilau asiulizwe ametoka wapi. Gharama ipo, ila mlangoni hakuna wa kuidai.

Diani mambo ni mengine. Jioni, ukitembea nje ya kuta za hoteli, husikia nzumari na ngoma za sengenya zikichezewa wageni walioko mezani. Hatuwalaumu wenye hoteli, kwani wachezaji hulipwa, na malipo hayo yamewasomesha watoto wengi. Lakini tulipowaona vijana wa Ukunda wameegemea baiskeli zao wakiisikiliza ngoma ya babu zao kupitia ukutani, nyoyo zetu hazikutulia. Mdigo mdogo aijue sengenya kwa sauti tu, asiione, ilhali mgeni wa siku saba anaiona akiwa na sahani mbele yake?

Hata Kaya Kinondo, msitu ambao mgeni huuingia akiwa amejifunga kitambaa cheusi na kuongozwa na wenyeji, una sifa kubwa ughaibuni. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata UNESCO ikazitaja mila za kaya kuwa urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Habari hizo zilifika Paris mapema kuliko zilivyofika katika baadhi ya madarasa yetu.

Jibu la swali letu tulianza kuliona Gazi, na ajabu ni kwamba tuliliona katika mikoko. Kinamama wa hapo wana daraja la mbao linalopita katikati ya miti, na mgeni hutembezwa juu yake. Upande wa pili uko mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 2013. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni hulinda takriban hekta 117 za mikoko, hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo huuziwa wanunuzi wa nje, na mapato huingia katika maji na shule. Nyuma yao wamesimama wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, pamoja na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Uskoti. Chuo kilileta elimu ya kupima miti. Kamati ya kijiji ndiyo huamua fedha zitumike wapi. Ikiwa chuo kikuu kinaweza kukaa na kijiji miaka kadhaa kwa ajili ya mkoko, kwa nini kisikae nacho kwa ajili ya ngoma na ushairi?

Wala si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, chuo kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walianzisha chini ya mwalimu wao David Cook kundi la maigizo la kusafiri. Wakati wa likizo walizunguka wakiigiza bila kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na kundi lake la namna hiyo, likiongozwa na mwandishi John Ruganda. Na ukivuka mpaka wa Lungalunga, ukapita Tanga ukaendelea kusini, utafika Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Mwaka mmoja baadaye kilianza tamasha lake. Leo chuo hicho kinaitwa TaSUBa, na kila mwaka wanafunzi na walimu wake hupanda jukwaani pamoja na vikundi vya mbali, mji mzima ukijua kwamba msimu wa tamasha umewadia.

Makundi ya Makerere na Nairobi yalitegemea likizo na basi. Yakiisha kucheza, yaliondoka. La Bagamoyo limebaki kwa sababu chuo kinaishi mjini humo. Tofauti hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo kiini cha jambo.

Msambweni tulilizungumza hili na wazee kando ya pwani. Mmoja wao alikunja uso: tamasha ni usiku, mchanganyiko na sala kupotea. Hoja yake ni nzito, na asiipuuze yeyote anayetaka jambo hili lifanikiwe. Bibi aliyekuwa akisuka ukili karibu yetu alimjibu bila kuinua kichwa: "Si lianze baada ya alasiri, likome kabla ya magharibi? Na wanawake watengewe mikeka yao." Mzee alicheka. Kisha akauliza ni nani atakayelipia jenereta.

Hilo ndilo swali la kupelekewa vyuo vikuu vyetu vya pwani. Uwanja upo Ukunda, wapigaji nzumari wapo, na malenga wa Kidigo wapo. Chuo kilete taa, vipaza sauti na wanafunzi wa kurekodi nyimbo za wazee kabla hawajatutoka. Kamati iwe ya wenyeji, kama ya Gazi.