Siku Niliyosimama Njiani

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka 15. Nimeifafanua ubaoni na kuitungia maswali ya mitihani. Lakini maana yake sikuijua kwa yakini mpaka mwaka 2023, nilipokwenda kukimbia marathoni katika mji wa Kasese, magharibi ya Uganda.

Msomaji asiyeufahamu mji huo na ajue kwamba uko chini ya milima ya Rwenzori. Reli kutoka Kampala ilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Na wachimbaji waliotoka pande nyingi, pamoja na wafanyabiashara wa mpaka wa Kongo, waliuachia mji Kiswahili chake ambacho hakikutoka vitabuni. Huko juu, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, kuna theluji, ingawa inazidi kupungua. Huku chini jua halina huruma, maana Ikweta yenyewe inaikata barabara ya kusini, safari fupi tu kwa gari.

Nilijiandikisha kwa sababu ya hadithi moja. Kila mwaka huwasimulia wanafunzi wangu habari za John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea kuchechemea mpaka akaingia uwanjani giza likiwa limekwisha tanda, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Nilitaka siku moja nisimame mbele ya darasa niseme kwamba nami nimemaliza kilomita 42.

Tulianza asubuhi mapema, hewa ikiwa bado baridi. Ubaridi ule ulinidanganya. Nilikwenda kasi kuliko nilivyojizoeza, na vituo viwili vya kwanza vya maji nikavipita bila kunywa, nikijiona hodari. Watoto kando ya barabara walipiga makofi wakiita, "Mzee, kaza mwendo!" Nami, mtu wa miaka arobaini na kitu, nikakaza.

Kufika saa nne jua lilikuwa limepanda, na lami ilitoa joto kama jiko. Mwili wa mkimbiaji huzalisha joto jingi, na njia yake kubwa ya kujipoza ni jasho kukauka juu ya ngozi. Maji yakimwishia, damu iliyobaki hugombewa na misuli inayotaka kukimbia na ngozi inayotaka kupoa. Hilo huwapata hata mabingwa. Mwaka 2019 huko Doha, marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianzishwa karibu na usiku wa manane ili kulikwepa jua. Hata hivyo wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza.

Mimi nilifika kilomita ya 31. Nilianza kuona baridi katikati ya jua lile, na mikono ikasimama vinyweleo. Mama mmoja wa huduma ya kwanza alinishika bega akaniuliza, "Baba, una nini?" Nikajibu, "Mguu yangu inakataa."

Walimu wenzangu mtacheka, na ni haki yenu. Hilo ndilo kosa ambalo nimelipigia mstari kwa wino mwekundu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nililisikia likitoka kinywani mwangu, nikataka kulisahihisha, nisiweze. Hapo nikajua kwamba ugonjwa umekwisha fika kichwani. Yule mama aliniambia, "Kaa chini, Baba. Barabara haiendi popote." Nikakaa. Wakanimwagia maji, wakanipepea kwa maboksi, na mbio zangu zikaishia pale.

Nikiwa kivulini, sikuyafikiria magoti ya Akhwari. Nilimfikiria msichana mmoja wa kidato cha pili niliyemfundisha mwaka 2018. Alikuja kwangu asubuhi ya mtihani wa mwisho wa muhula, macho mekundu kwa malaria, akaomba aufanye mtihani wangu wiki ya pili. Idhini ilikuwa mkononi mwangu. Nami nikamjibu mbele ya wenzake: "Akhwari hakuomba wiki ya pili." Darasa likacheka. Aliketi muda wote, kichwa kikiinama juu ya dawati, akashindwa. Kidato cha tatu kilipowadia, wakati wa kuchagua masomo, hakukichagua Kiswahili. Wakati ule nilisema hana bidii.

Baada ya kupona nilimtafuta. Sasa ni mtu mzima, anauza vitenge sokoni. Alinipa kigoda kwa heshima zote. Nilipomwomba radhi, alikunja kitenge taratibu, kisha akasema, "Mwalimu, nilijua unanitakia mema. Ila hukuniuliza kama ninaweza kusimama." Sikuwa na jibu, wala sikustahili kuwa nalo.

Hadithi ya Akhwari sijaiacha, maana ni ya kweli na ni nzuri. Lakini sasa naisimulia pamoja na nusu yake niliyokuwa nikiificha. Katika mbio zile zile alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na 1964. Mguu wake ulikuwa na maumivu, naye akaacha mbio kabla ya kufika nusu ya njia. Hakuna mwenye akili awezaye kumwita Bikila mvivu. Huwauliza wanafunzi: mtu atajuaje siku ya kuvumilia na siku ya kusimama? Majibu yao hayafanani, nami siyapi alama.

Mguu wangu ulipona kwa wiki mbili. Neno nililolitamka mwaka 2018 halijarudi kinywani. Ndiyo maana, mwanafunzi akinijia leo na macho mekundu, kabla ya kutafuta methali ya kumwambia, humvutia kiti kwanza.